Kwake kuchora hakukuwa kupumzika
Makala inasema marehemu profesa alichora ili kupumzisha akili baada ya mihadhara. Nilisoma kwake, na kwa hilo sikubaliani kabisa: ile ilikuwa ibada. Hakushika brashi kabla ya kusali. Picha aliyoturudishia mara kwa mara darasani ni ya Rembrandt, mchoraji Mholanzi wa karne ya 17: baba akimpokea mwana mpotevu. Alituonyesha mikono ya yule mzee mgongoni mwa kijana, jinsi isivyofanana, kisha akatukumbusha kwamba Titus, mwana wa mchoraji mwenyewe, alifariki mwaka 1668, mwaka mmoja tu kabla ya baba yake. Hapo alinyamaza, akavua miwani akaifuta. Katika picha zake mwenyewe, profesa aliwaachia wanawe wadogo kona wapake rangi watakavyo, wala hakuifuta. Kuna mwenzangu aliyebaki na picha yenye kona hiyo?