Mguu wa Jordan Travis na nafasi ya nne ya Florida State

Desemba 3, 2023 Florida State, timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani, walikuwa wamekaa pamoja wanasubiri kusikia jina lao. Mechi 13, ushindi 13, ubingwa wa ligi yao ya ACC wameubeba usiku uliopita tu. Kamati ya pleyofu, yaani inayochagua timu zitakazopigania ubingwa wa nchi, ikataja timu zake nne, Michigan, Washington, Texas na Alabama, basi, imeisha. Tangu pleyofu ya timu nne ianze haikuwahi kutokea bingwa wa ligi kubwa ambaye hajafungwa hata mechi moja akaachwa nje, na maelezo ya mwenyekiti wa kamati, Boo Corrigan, yaliishia palepale, kwamba bila Jordan Travis, kotabeki wao aliyevunjika mguu, hii ni timu nyingine.

Mi hili jambo linaniuma mpaka leo. Ila kamati nao wana hoja zao, na sisi tuliokuwa upande wa Florida State huwa tunazirukaruka, kwa hiyo nianze nazo.

Kwa wasiofuatilia mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu, kotabeki ndio mtu ambaye timu ikishambulia mpira unaanzia mikononi mwake karibu kila mara, yeye ndio anasoma ulinzi umejipangaje, anaamua arushe, ampe mwenzake akimbie nao au akimbie mwenyewe, na yote hayo kwenye sekunde mbili tatu huku majitu ya kilo mia na zaidi yanamjia. Kumkosa ni kama kukosa kiungo, nahodha na mpiga penati siku moja. Travis alivunjika mguu wa kushoto Novemba 18 dhidi ya North Alabama, timu ambayo walikuja kuipiga 58-13, yaani mechi ambayo hata bila yeye wangeshinda. Wiki iliyofuata akasimama kotabeki wa akiba Tate Rodemaker, wakaenda nyumbani kwa mahasimu wao, chuo cha Florida, wakashinda 24-15, ila Rodemaker naye akagongwa akapata mtikisiko wa ubongo. Fainali ya ACC dhidi ya Louisville ikabidi aanze Brock Glenn, dogo wa mwaka wa kwanza. Wakashinda 16-6.

Sasa angalia hiyo mechi kwa macho ya mjumbe wa kamati. Glenn alirusha mara 21, zikafika 8, jumla yadi 55. Yadi 55 mechi nzima aisee, ni kidogo mno, na huyu ndio unataka umpeleke akapambane na ulinzi wa Michigan? Siku hiyohiyo Alabama, waliokuja kupewa nafasi ya nne, alikuwa amemfunga Georgia 27-24, Georgia ambaye alikuwa bingwa mtetezi na alikuwa ameshinda mechi 29 mfululizo. Na kanuni za kamati zinaruhusu kabisa kuangalia wachezaji muhimu wasiokuwepo kama kukosekana kwao kutaathiri mechi zinazokuja, hawakuitunga usiku ule ili kumkomoa mtu. Kazi waliyopewa ni kuchagua timu nne bora, na timu bora ni ile itakayoingia uwanjani Januari, siyo ile ya Septemba iliyompiga LSU 45-24. Hoja hii ina uzito, nakubali.

Ila turudi 2014. Ohio State walimpoteza Braxton Miller, bega, mwezi Agosti kabla hata msimu haujaanza. Akaingia J.T. Barrett, wakafungwa na Virginia Tech mapema, baada ya hapo wakaanza kushinda mfululizo mpaka mechi ya Michigan mwisho wa Novemba, Barrett naye akavunjika kifundo cha mguu. Wakabaki na Cardale Jones, kotabeki wa tatu. Wa tatu! Kwenye fainali ya ligi wakamfunga Wisconsin 59-0, kamati ikawapa nafasi ya nne, halafu wakamtoa Alabama 42-35 na kummaliza Oregon 42-20 wakawa mabingwa wa nchi. Kwenye hiyo fainali mkimbiaji wao Ezekiel Elliott alikimbia yadi 246 na tachidauni nne, yaani mara nne aliufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani, maana pale kotabeki mpya hakubebeshwa timu peke yake, ilikuwepo safu ya mbele inayofungua njia na mtu wa kuipita.

Watu wa kamati watasema ndio maana, Jones alionyesha 59-0 na Glenn akaonyesha 16-6, tulihukumu tulichokiona. Sawa. Lakini ulichokiona kwenye 16-6 ni nini hasa? Mi niliona difensi iliyomnyima Louisville tachidauni dakika 60 nzima. Kushinda kwa difensi nako ni kushinda, hakuna mahali pameandikwa pointi za namna hiyo zina thamani pungufu. Na Glenn hakuwa hata mpango wao wa pleyofu, mechi ingekuwa karibu mwezi mmoja mbele na Rodemaker alikuwa na muda wa kupona. Kamati ilimpima mtu wa tatu kwenye mechi ya dharura ikatoa hukumu ya timu nzima.

Halafu kuna kinachonisumbua kuliko vyote. Ukishasema jeraha linaweza kufuta ushindi, unamwambia kocha nini? Kotabeki wako akiumia Novemba, ficha. Mwambie avumilie, mfunge bandeji, aonekane amesimama pembeni amevaa jezi mpaka kamati ipige kura. Hawa ni vijana wa chuo, wengi wana miaka 19, 20, na kuvumilia wanavumilia hata wasipoambiwa. Kwenye soka tuliyoizoea ukimaliza na pointi nyingi ubingwa ni wako hata kama kipa na straika wote wako hospitali, na kwa hilo angalau hakuna anayefaidika kwa kuficha mgonjwa.

Wanaoitetea kamati hupenda kumalizia na Orange Bowl, mechi waliyopewa Florida State baada ya kuachwa nje, Georgia 63, Florida State 3, mnaona, tuliwaambia. Hapana jamani, hiyo mechi haithibitishi chochote. Zaidi ya wachezaji 20 wa Florida State hawakucheza, Keon Coleman, Jared Verse, Trey Benson, Johnny Wilson, wengine wanajiandaa na NFL, ligi ya kulipwa, wengine wanahama chuo, Rodemaker mwenyewe hakuwepo. Ila upande wetu nao tuache kutumia kipigo cha Alabama kwa Michigan, 27-20 kwenye muda wa ziada, kama ushahidi kwamba hawakustahili. Walifungwa kidogo sana, tena na waliokuja kuwa mabingwa.

Mwaka uliofuata pleyofu ikawa ya timu 12 na mabingwa watano wa ligi waliopangwa juu zaidi wakawa na uhakika wa nafasi. Georgia akaumiziwa kotabeki wake Carson Beck kiwiko kwenye fainali ya ligi yao, SEC, akaingia Gunner Stockton wakamaliza kazi 22-19 dhidi ya Texas, na kesho yake wakapangwa namba mbili bila mjadala wa nani atarusha mpira. Baadaye Notre Dame wakawatoa 23-10, uwanjani. Na hao Notre Dame walikuwa wamepoteza wachezaji wa ulinzi mmoja baada ya mwingine msimu mzima, wakaenda hadi fainali. Hivyo ndivyo nilivyotaka iwe kwa Florida State, wafungwe na mtu aliyevaa jezi.

Travis aliandika siku ile kwamba anatamani mguu wake ungevunjika mapema zaidi, ili watu waone timu ilikuwa kubwa kuliko kotabeki. Kijana ameshinda mechi zote alizoanza msimu ule, yuko na mguu uliovunjika, na anaona kosa ni la tarehe aliyoumia. Jets, timu ya NFL, walimchukua 2024, mguu ukakataa, na Aprili 2025 akatangaza kuacha mpira bila kucheza hata mechi moja ya NFL.