Final Fantasy II haistahili dharau inayopewa

Mashabiki wa Final Fantasy wanapozipanga gemu za mfululizo huo kwa ubora, ya pili huburuzwa mkiani, na wengi wanaoiburuza hawajaicheza hadi mwisho. Mimi naiweka juu, na kasoro zake nazijua.

Kampuni ya Square iliitoa Japani Desemba 1988 kwa Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, mwaka mmoja tu baada ya ile ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa imependwa, kwa hiyo njia nyepesi ilikuwa kuirudia. Akitoshi Kawazu, aliyebuni mfumo wa gemu hii, akaamua kufuta kabisa pointi za uzoefu, zile ambazo mhusika hukusanya kwa kushinda mapambano hadi apande daraja. Ukipigana kwa upanga, ustadi wa upanga ndio unaopanda. Ukitumia uchawi wa moto mara kwa mara, moto unakolea hadi daraja la 16. Anayeumizwa sana vitani, uhai wake unaongezeka. Mashujaa unaowaongoza, Firion, Maria na Guy, hawana kazi waliyopangiwa, kama ya mpiganaji au mchawi. Wanakuwa vile unavyowatumia.

Lawama kubwa inajulikana: wachezaji waligundua kwamba njia ya mkato ya kuongeza uhai ni kuwapiga wenzako. Unamwacha adui mnyonge amesimama, Guy anamtwanga Maria kwa shoka, Maria anajitibu, mnarudia. Kwenye Famicom hata ukichagua shambulio kisha ukaghairi, mashine inakuhesabia. Makosa hayo yapo, sibishi. Ila hakuna anayelazimishwa kucheza hivyo. Beba ngao, vaa mavazi mepesi kwa kuwa mazito yanakunyima uwezo wa kukwepa, na utafika mwisho bila kumgusa mwenzako.

Kinachonifanya niitetee ni jinsi mfumo huo unavyoshikana na hadithi. Pambano la kwanza kabisa halishindiki. Vijana wanne, hao watatu na Leon anayepotea baada ya hapo, wanaukimbia mji wa Fynn, wapanda farasi weusi wa Dola ya Palamecia wanawazingira, na kwa mapigo machache wote wako chini. Wanaokolewa na waasi walioko Altair, na kiongozi wao, Binti Mfalme Hilda, anakataa kuwapokea jeshini kwa sababu bado ni dhaifu. Ana haki: ukiwatazama, kweli hawajui lolote.

Kisha anakuja Minwu, mchawi mweupe. Kikosi kina nafasi ya nne ambayo wageni hupokezana, na yeye ndiye wa mwanzo. Anaponya kila jeraha, anaondoa sumu, anakubeba. Siku anapoondoka ndipo unapofumbuka macho: hakuna mwingine aliyejifunza kutibu, maana kazi yote ulimwachia yeye. Hakuna mazungumzo yanayokueleza pengo hilo. Unalisikia katika pango linalofuata, uhai ukipungua na uchawi wako wa Tiba ukiwa bado daraja la kwanza. Baadaye Minwu anatoa maisha yake kufungua muhuri wa uchawi wa Ultima, na uchawi wenyewe unaupata ukiwa mchanga, inabidi uukuze mwenyewe. Josef, mgeni mwingine wa kikosi, naye anakufa akizuia jiwe lililotegwa, ili wenzake watoke. Gemu chache za miaka ile zilithubutu kuwachukua watu wako namna hiyo bila kuwarudisha.

Kwa Kiingereza haikutolewa rasmi hadi 2003, wakati wachezaji wa nje ya Japani walikwishazoea gemu zilizokuja baadaye, na nadhani hapo ndipo jina lake lilipoharibika. Kawazu hakuliacha wazo lake: mwaka 1989 alianzisha mfululizo wa gemu wa SaGa kwenye Game Boy, mashine ya mkononi, na humo ameendelea kulijaribu kwa miongo kadhaa.

Lipo toleo lililotengenezwa upya mwaka 2021. Ukilipata, weka pembeni miongozo ya kuwatwanga wenzako. Mpe Maria upinde, mpe Guy shoka, na wakati Minwu bado yupo kikosini, hakikisha kuna mwingine anayejifunza Tiba.