Miaka Minne ya Kupima Tope

Mwaka wa kwanza hujengi kitu. Mwaka wa pili unachimba, unapima, unafukia. Mwaka wa tatu unamwaga vipande vya zege halafu unavipasua kwa mashine. Mwaka wa nne unaandika ripoti nene kueleza kwa nini vilipasuka mapema. Hiyo ndiyo digrii ya uhandisi ujenzi, jamani, na kule nyumbani kwenye grupu la WhatsApp la ukoo mtu ameshabatizwa "Injinia wetu" tangu siku majina ya waliochaguliwa yalipotoka.

Shangazi ndiye mteja wa kwanza. Anataka ramani ya vyumba vitatu, kimoja masta, baraza mbele, na anaitaka kabla ya Pasaka, bure. Mweleze kwamba kuchora nyumba ni kazi ya msanifu majengo, wewe unasomea namna ya kuifanya isianguke. "Sasa mwanangu, mnasoma nini huko?" Mweleze basi kwamba hata ukimaliza miaka minne, Bodi ya Usajili wa Wahandisi inakuandikisha kwanza kama mhitimu, halafu kuna miaka mitatu mingine ya kazi chini ya uangalizi ndipo uombe kuwa mhandisi mtaalamu. Shangazi anaguna. Anamuuliza fundi wa mtaani zinahitajika tofali ngapi, fundi anajibu bila kalamu: piga kumi kwa mita ya mraba, na za kuvunjika zimo humo humo. Injinia wetu angeanza na mchoro, angeongeza unene wa mota kila upande, angepata 8.96, halafu angeomba muda wa kuhakiki.

Tena ahakiki kwa kalkuleta ipi? Maana kalkuleta imefelisha watu wengi kuliko hesabu yenyewe. Usiku mwenzako wa chumba kaiazima kwa ajili ya hesabu zake, kairudisha ikiwa kwenye radiani badala ya digrii. Asubuhi kwenye mtihani wa mekanika unabonyeza sini ya 30, badala ya 0.5 inakupa −0.988, na wewe kwa imani yako unaendelea. Kipande cha kenchi kilichotakiwa kuvutwa kinasukumwa, paa zima linataka kupaa, na wewe unapigia mstari jibu kwa rula. Dawa ni ya sekunde tatu: kabla hujaandika hata namba ya mtihani, bonyeza sini 30. Isipotoka 0.5, usiguse swali. Lakini nani anakumbuka, saa mbili asubuhi, bumu limeisha na chai hajanywa?

Kwenye kuchora kwa kompyuta mambo ni yale yale. Umechora nyumba kwa mita, mwenzako wa grupu kachora msingi kwa milimita, mnaunganisha saa sita usiku: msingi unameza kata nzima na nyumba inaonekana kama uchafu kwenye kioo.

Haya, maabara ya udongo. Hapa ndipo jela yenyewe ilipo. Udongo unaupepeta kwa chekeche ya mikroni 425, unaukanda na maji, halafu mtu mzima mwenye ndevu anakaa chini kuuviringisha juu ya kioo mpaka uwe uzi wa milimita 3. Ukikatika ungali mnene, umekauka mno. Ukifika milimita 3 haujapasuka, una maji mengi, finyanga upya. Lazima upasukie pale pale kwenye 3, ndipo upime unyevu wake. Ukitoka hapo unakwenda kwenye kikombe cha Casagrande: unaujaza, unachora mfereji katikati, unazungusha mpini mara mbili kwa sekunde na kuhesabu mapigo mpaka mfereji ufumbe kwa urefu wa milimita 13. Kinachotafutwa ni unyevu wa udongo unaofumba kwa mapigo 25. Akitokea mtu kuuliza "oyaa, kipindi kinaisha saa ngapi?" ukiwa kwenye 19, imekula kwako.

Halafu vikopo. Hakuna anayekuonya kuhusu vikopo! Kila sampuli inaingia kwenye kikopo chake, kinapimwa kitupu, kinapimwa na udongo mbichi, kinalala kwenye oveni ya nyuzi 105 mpaka kesho, kinapimwa tena. Namba imechongwa kwenye kikopo na kwenye kifuniko. Lakini kikopo namba 14 hakijaonana na kifuniko namba 14 miaka mingi. Kimevalishwa cha 41, ambacho kina uzito wake. Wewe umepima kitupu na kifuniko kimoja, umetoa oveni na kingine, tofauti ni gramu mbili, na unyevu wote wa sampuli ni gramu nne. Aliyeandika namba yake kwa kalamu ya maki juu ya karatasi ya gundi, huyo tusimseme, oveni imeshamsema.

Kushindilia udongo nako kuna siasa. Nyundo ya kilo 2.5 inaanguka kutoka milimita 300, tabaka tatu, mapigo 27 kila tabaka. Hiyo ni 81 kwa nukta moja, na mchoro wa uzito wa udongo dhidi ya unyevu wake unataka walau nukta tano, kwa hiyo 405. Grupu lina watu kumi. Wanaoshika nyundo ni wawili, wanane waliobaki "wanarekodi data". Na kwa kuwa wanaorekodi wana haraka, maji yanamiminwa kwa kukadiria; nukta ya kwanza tu udongo umeshapita unyevu wake bora, zinazofuata zote zinashuka, na mchoro uliotakiwa kuwa na kilima unakuwa mteremko wa kuendea baharini. Ilitakiwa uanze mkavu, uongeze maji kidogo kidogo, usiache mpaka uzito upande kisha uanze kushuka. Bado hapo kuna CBR, kipimo cha ubavu wa udongo wa barabara: udongo ulioshindiliwa unalowekwa siku 4 ndipo uchomwe kwa pistoni, na kwa mwongozo wa barabara wa Tanzania wa mwaka 1999 usipofikisha asilimia 15 haupewi daraja la G15. Siku nne! Maharage yenyewe yanalowekwa usiku mmoja.

Upimaji ardhi unakutoa nje, ukapate hewa, walisema. Unabeba leveli, ile darubini ya kupimia vimo, kigoda chake cha miguu mitatu na stafu, rula yake ndefu ya kusimamisha, mnakwenda mtaani, na mtaa mzima unasimama. Mama muuza vitumbua anauliza kwa sauti ya chini: "Wanangu, mnapitisha barabara?" Mzee mmoja ameshatoka na hati ya kiwanja mkononi, anakagua ukuta wake kama umepigwa X nyekundu. Ukimwambia ni mazoezi ya chuo, ndiyo kwanza anapiga simu kwa mjumbe. Nusu saa imekwenda kwa kuapa kwamba hakuna atakayebomolewa, na jua limeshapanda, lami inatoa mvuke, tarakimu za chini kwenye stafu zinacheza mdundiko.

Sasa mfanye kazi. Mwenye stafu anaiegemeza begani kwa kuchoka; stafu ikilala, usomaji siku zote unazidi, haupungui kamwe. Mwingine ameivuta ile ya vipande lakini hakusikia "klik" ya kipande cha juu, kimezama sentimita mbili. Mwenye leveli ameiweka mita 10 kutoka stafu ya nyuma na mita 60 kutoka ya mbele kwa sababu hapo ndipo penye kivuli cha mwembe, na leveli yenyewe haijakaguliwa tangu enzi. Umbali ungekuwa sawa pande zote mbili, kosa la mstari wake wa kuonea lingejifuta lenyewe. Jioni mnajumlisha. Jumla ya usomaji wa nyuma kutoa jumla ya wa mbele, sawa. Kupanda kutoa kushuka, sawa. Kimo cha mwisho kutoa cha mwanzo, sawa! Mnapeana mikono. Kumbe huo ukaguzi unathibitisha kwamba mnajua kujumlisha, basi. Mmezunguka kilomita moja mkarudi kwenye alama mliyoanzia, na mzunguko umekataa kufunga kwa milimita 43 wakati ruhusa ni 12. Mwalimu anasema neno moja tu: "Rudieni." Na mzee wa hati bado yupo mlangoni.

Zege, sasa. Zege linachekesha kwa sababu kila mtu Tanzania ni mtaalamu wa zege. Vipande sita vya milimita 150 vinataka lita 20 na kidogo, weka na za kumwagika, lita 23. Saruji kilo 8, maji lita 4, uwiano wa maji kwa saruji 0.5, safi kabisa kwenye karatasi. Mchanga kilo 16, ila umelala nje na jana kulinyesha. Una unyevu wa asilimia 5, yaani umekuja na maji yake, karibu lita 0.8, na hukuyapunguza kwenye zile lita 4. Uwiano wako sasa ni 0.6. Halafu anatokea mwenye mikono milaini, anaona koleo zito, anaongeza "kopo moja tu, liwe laini". Unashindilia tabaka tatu, mapigo 35 kila moja, unasawazisha juu mpaka linang'aa. Zuri kwa macho! Siku ya 28 linawekwa kwenye mashine, ulitaka daraja la 25, yaani kilonewtoni 562 na ushee, na mashine inagonga 360 kisha inasikika "ta!". Gawa newtoni 360,000 kwa milimita za mraba 22,500 za uso wake, ni 16. Kwenye ripoti watu wote kumi mnaandika sentensi ile ile iliyorithiwa kwenye madesa: "Tofauti hii imesababishwa na makosa ya kibinadamu." Kopo halitajwi.

Ah, na msimwage zege Ijumaa. Kipande kinatakiwa kitolewe kwenye kasha kesho yake, kiingie majini, na kesho yake ni Jumamosi, maabara ina kufuli. Mpaka Jumatatu kimekauka ndani ya chuma, na ule ubao wa matangazo wa idara hautaandika hayo popote.

Haidroliki, somo la maji yanavyopita, naipita haraka, kwa hasira. Unajifunza mlinganyo wa Manning, ambamo n ni ukwaru wa mtaro, zege laini n ni 0.013, mtaro unapitisha maji vizuri sana. Nenda kautazame mtaro wenyewe Dar mwezi wa nne. Jedwali halina n ya chupa za plastiki, pampasi na godoro.

Likizo ndefu ni fildi, na huko ndiko angalau unaona kitu kikijengwa, ukirudi kutoka kununua soda za mafundi. Wanafunga nondo za baraza linaloning'inia. Hapo nondo kuu zinakaa juu, maana mzigo unavuta upande wa juu. Hicho kitu umekisoma, umekifanyia mtihani, unakijua. Slabu ni milimita 150, nondo za 12, kifuniko cha zege 25, kwa hiyo kina cha kazi, kutoka chini ya slabu mpaka katikati ya nondo, ni 119. Nondo zimefungwa sawasawa, ila viti vya kuzishikilia ni viwili uwanja mzima, na toroli na saidia fundi sita wanapita juu yake asubuhi yote. Kufikia saa tano zimeshuka milimita 40. Kina kimebaki 79, na nguvu ya baraza imepungua theluthi kabla zege halijafika. Unamwambia fundi mkuu kwa adabu zote, shikamoo mbele: "Mzee, tungeongeza viti, kila mita kiwepo, na mbao za kupitia." Anakutazama kofia, anakutazama viatu. "Dogo, sisi tumejenga kabla hujazaliwa. Mirinda zimebaki?"

Kitabu cha fildi kinataka sentensi ya kila siku, na mchoro kila wiki. Siku hiyo unaandika: "Kusimamia umwagaji wa zege la baraza." Msimamizi anasaini wiki tatu kwa mkupuo, bila miwani. Mhadhiri wa kukagua anafika Alhamisi, siku ambayo saruji imeisha na saiti nzima imelala chini ya mwembe, anauliza slabu inamwagwa lini ili aje aone. Fundi mkuu anamjibu kwamba ilimwagwa juzi, na kwamba injinia mwenyewe alikuwepo akisimamia.