Kilo 20 Zilizotoweka Chini ya Kufuli

Mimi ni mratibu: kazi yangu ni kuendesha utawala wa programu ya utafiti wa tiba chuoni, maana yake ni kwamba madaktari hufanya utafiti nami hutafuta sahihi. Hutafuta sahihi za kamati ya maadili, za mhasibu, za mfadhili, na mara nyingine sahihi ya kuthibitisha kwamba sahihi iliyotangulia ni ya mwenyewe.

Safari hiyo tulikuwa tunapeleka sampuli za plazima, yaani majimaji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake, kwenye maabara ya nje, na sampuli zinazotunzwa kwenye jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri hazisafiri bila barafu kavu, yaani kaboni dayoksaidi iliyogandishwa. Barafu hiyo ina nyuzi 78.5 chini ya sifuri, nayo haiyeyuki ikawa maji, bali hugeuka gesi moja kwa moja na kwenda zake. Mashirika ya ndege yanalijua hilo, ndiyo maana sanduku lake hubandikwa namba UN 1845, ambayo ni namba ya kimataifa ya kuitambulisha barafu kavu, pamoja na uzito wa barafu iliyomo, na ni marufuku kuliziba kabisa likakosa pa kutolea gesi. Ofisi ya manunuzi, kwa upande wake, inajua kwamba bidhaa ikishaingia chuoni haitoki stoo mpaka kamati ya mapokezi na ukaguzi iihesabu.

Barafu ililetwa Ijumaa mchana, na mwenyekiti wa kamati alikuwa semina. Nilimfuata mtunza stoo, mzee mwenye funguo nyingi kuliko milango, nikamsihi kwamba mzigo huu hauna subira.

"Mwanangu," akaniambia kwa upole, "stoo hii hakijawahi kutoka kitu bila karatasi, hata ufagio."

Nilichoambulia ni ruhusa ya kuacha madirisha wazi, kwa kuwa gesi ile ikijaa kwenye chumba kidogo humkosesha mtu pumzi. Mzee alizitikisa nondo za dirisha, akaridhika kwamba hakuna mwizi wa kupenya, kisha akapiga kufuli na kubandika juu yake karatasi yenye muhuri. Nami nikaenda kumwomba msafirishaji aahirishe safari.

Kamati ilikutana Alhamisi. Ilikuja na mizani, kufuli likakutwa salama, muhuri haujaguswa, na kifuniko kilipofunuliwa, ndani mlikuwa na hewa. Mwenyekiti alisoma hati ya kupokelea mzigo, akalitazama sanduku, akairudia hati. Mjumbe mmoja alipiga magoti akapapasa sakafu kuanzia ukutani hadi mlangoni.

"Pakavu," akatangaza. "Kama imeyeyuka, maji yake yako wapi?"

Mzee alitokwa na jasho, na hayo ndiyo maji pekee yaliyoonekana siku hiyo. Mlinzi wa zamu aliitwa kuandika maelezo, akaapa kwamba hakuna mtu aliyepita na kilo 20 za kitu chochote.

Nilieleza nilivyoweza, lakini mhasibu alitaka kujua kwa nini fedha za mfadhili zilipie kitu kilichokwenda hewani, nami nilipomjibu kwamba tulikinunua tukijua kitakwenda hewani, niliona kalamu yake ikiandika haraka sana. Ndipo nikamwita mtafiti mkuu, nikitumaini kwamba uprofesa utatuokoa. Profesa alitoa mhadhara mzuri mno, akafafanua hali za maada, na ili kuwatoa wajumbe hofu akamalizia kwamba gesi yenyewe ni hii hii ambayo kila mmoja wetu huitoa anapopumua.

"Kumbe tunayo," mwenyekiti akasema. "Sasa tunainunua ya nini?"

Profesa alikumbuka kwamba ana kipindi.

Barafu ya pili ililetwa kwa kibali maalumu, kamati nzima ikiwa imesimama kwenye mlango wa gari. Mizani ilisoma kilo 20 kamili na mwenyekiti akatia sahihi. Katibu naye akaanza kuisoma hati neno kwa neno, kama sheria inavyomtaka, na alipomaliza mizani ilikuwa inasoma 19.9, akakataa kusaini uongo. Mzigo ulipimwa upya na hati ikaandikwa upya, huku kila sahihi ikitupunguzia gramu kadhaa, mpaka yule mzee akachoka, akavaa glavu nene, akafunika sanduku na kulikabidhi kwa msafirishaji bila kumwuliza mtu. Sampuli zilifika zikiwa zimeganda.

Mkaguzi wa ndani alipopitia jalada alihoji kila karatasi, kuanzia maelezo ya mlinzi hadi muda wa mhadhara wa Profesa. Karatasi moja tu aliipitisha bila neno, nayo ni fomu ya stoo ya mzigo wa kwanza, ambamo kwenye nafasi ya "bidhaa imepelekwa wapi" mzee alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri: "Hewani, kupitia dirishani, kwa idhini ya mratibu."