Ile video ya Kansas, na mimi nisikilizwe

Haya wadau, naona ile video ya mimi nimekwama kwenye gari kule Kansas, huku Marekani, imeshafika mpaka Same kwetu Upareni, maana mama kanipigia alfajiri ya kwake anauliza, "Mwanangu, yule mzee wa Kizungu alikuwa anakusukumia wapi?" Mama hana hata WhatsApp. Ina maana kuna mtu alipanda mlima na simu mkononi kwenda kumwonyesha. Kwa hiyo naandika. Mtani wangu, yule Mchaga mnayemjua, kaposti vipande viwili tu, cha miguu na cha mlangoni, yaliyotangulia hakuyasema, halafu juu kaandika "Mpare akikwepa kumlipa fundi". Na nyie mnaocheka kwenye grupu najua hamcheki miguu, najua mnachocheka, nitafika huko.

Mnajua nilikuwa nahama Dallas kwenda Minneapolis, mke wangu alishatangulia kazini kwake, mi nikabaki na vyombo, mbwa na paka wawili. Mbwa anaitwa Chui, anakaribia kilo 40, akili hana ila upendo anao. Paka mmoja Chausiku, mwingine tulimpa jina Mama Mkwe kwa sababu tangu siku ya kwanza anakaa juu ya kabati ananiangalia ninavyokula. Ndege ikagoma. Mbwa wa saizi ile hakai kabini, anaenda na mizigo, na kuna mashirika joto likipita nyuzi 85 za Farenhaiti (kwetu 29 na ushee) hawapokei mnyama hata umlilie, na Dallas mwezi wa saba nyuzi 85 zinafika kabla hujapiga mswaki. Kukodi lori la kuhamia halafu kulala hoteli njiani, kila mnyama na chaji yake. Nikapiga hesabu, hesabu ya Kipare kabisa, kalamu na karatasi: nanunua motahomu yuzidi (lile gari lenye nyumba ndani), tunalala humo humo, tukifika naiuza, hela inarudi. Kwenye karatasi ilitoka vizuri sana.

Motahomu yenyewe ya 2005, zile zenye kitanda kilichotokeza juu ya kichwa cha dereva, chini ni Ford E-450, injini V10 ya lita 6.8. Silinda kumi jamani. Galoni moja inakupeleka maili nane, tisa kama unateremka. Muuzaji, mzee mmoja mstaafu, alianzia dola elfu kumi na nne tukashushana hadi 11,500, na msije mkasema nilivamia, nilikagua. Matairi yalikuwa na meno mazuri tu ila nikainama nikasoma zile namba nne za mwisho kwenye ule mstari wa herufi DOT ubavuni mwa tairi, 1614, yaani yametengenezwa wiki ya 16 ya 2014, mpira pembeni umeshaanza nyufa, hapo hapo nikashusha bei tena maana gari ile nyuma inavaa manne, jumla sita. Nikagonga kuta zote kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni, nikitafuta mbao iliyooza. Nyuma poa, pembeni poa. Kule juu kwenye kitanda cha kichwani sikugonga, alikuwa katandika mito ya maua na shuka limenyooka, nikaona aibu kuvuruga. Wadau, mkikuta muuzaji wa gari kuukuu katandika mito ya maua sehemu, anzeni ukaguzi hapo.

Mtani akajitolea kunisindikiza, kwa masharti nimkatie tiketi ya kurudi. Barabara ni moja, I-35, inaanzia Laredo mpakani na Meksiko inaishia Duluth kwenye Ziwa Superior, sisi kipande chetu maili kama 940 (ila Dallas inagawanyika, 35E na 35W, zinakutana Denton, halafu ukifika Minneapolis inagawanyika tena vile vile, aliyepanga hivi sijui alikuwa na ugomvi na nani).

Tukalala Oklahoma. Usiku mvua ya radi ikashuka, na ndo nikajua mito ya maua ilikuwa inaficha nini. Maji yaliingia kwenye maungio ya kile kitanda cha juu, polepole, bila kelele, yakajaa kwenye mabegi yangu ya nguo niliyoyapanga huko ili Chui asiyalalie. Asubuhi kila suruali niliyonayo inachuruzika. Begi la mtani lilikuwa chini, kavu, na mtani kwa ukarimu ambao nilitakiwa kuushtukia akanitupia bukta, "Chukua hii mtani, ujisitiri."

Nyekundu. Ina nembo ya Simba.

Sasa mi nilikuwa nimelala na jezi yangu ya Yanga, ndo nguo kavu pekee niliyobaki nayo, na kikoi. Nikaivaa ile bukta, nikafunga kikoi juu yake, nikajiambia hapa ni Marekani, nani ataniinulia kikoi Kansas?

Tuendelee. Ukishapita El Dorado kuelekea Emporia unaingia sehemu inaitwa Flint Hills, majani mpaka macho yachoke, mti hakuna, wanasema ndo eneo kubwa zaidi lililobaki la yale majani marefu ya asili ya Amerika Kaskazini. Mandhari safi. Ila kwa sababu mti hakuna, upepo nao hauna wa kuuzuia, motahomu ilikuwa inasukumwa nashika stelingi kwa mikono miwili, na ubavuni kuna kitu kinapiga pa pa pa. Nikaingia kituo cha kupumzikia pale pale kwenye barabara ya kulipia. Mtani akaenda chooni, na huyu bwana akiingia chooni anaingia na simu, si mtu wa kurudi leo.

Nje joto linaunguza kwa hiyo nikaacha injini inaunguruma na AC kwa ajili ya wanyama, nikashuka kuangalia ni nini kinapiga. Ilikuwa mkanda wa turubai umefunguka. Nikafunga mlango wa dereva nyuma yangu haraka, maana Chausiku alishaanza kupimia upenyo. Mlango wa nyumba, ule wa ubavuni, ulikuwa na komeo kwa ndani usije ukafunguka barabarani. Yaani kila kitu nilifanya kwa utaratibu.

Chui akaona nimeshuka. Akaruka kwenye kiti changu. Akasimama, miguu ya mbele akaiweka mlangoni pale penye swichi, akanitazama kwenye kioo, mkia unapiga stelingi.

Ka-ka.

Jamani ile sauti. Loki mbili zimeshuka kwa pamoja. Nikavuta kitasa, hamna. Nikazunguka upande wa pili, na Chui kwa furaha akahamia upande wa pili, kwake ni mchezo, akakanyaga na swichi ya huko, ka-ka tena, akafunga kilichokwishafungwa. Simu ndani. Pochi ndani. Ufunguo unaning'inia pale nauona. Suruali ndani, mbichi lakini ndani. Nikaanza kumbembeleza, "Chui, baba, kanyaga hapa, hapa, juu kidogo," naye anaramba kioo. Nikahamia Kiingereza nikidhani labda shida ni lugha. Akalala kwenye kiti.

Watu wakaanza kusogea. Dereva wa lori mmoja, familia na aiskrimu zao, na babu mmoja na bibi yake kutoka kwenye motahomu lao kubwa kama basi la mkoani. Dada wa dukani akanipigia fundi wa kufuli. Saa moja na nusu kufika, dola 280. Sasa hapa ndipo Mchaga anasema nilikataa kulipa. Sikukataa! Niliuliza tu hiyo bei ni ya kufungua mlango au ya kuuziwa mlango mwingine. Halafu fikirieni, saa moja na nusu injini inanguruma imesimama juani, ikichemka ikazima AC imekufa, na humo ndani kuna roho tatu zinazonitegemea. Mi nilikuwa nawaza wanyama. Hela nilikuwa naziwaza pia, ila wanyama kwanza.

Yule babu akauliza, buti lako la pembeni limefungwa? Nikamwambia limefungwa na ufunguo uko ndani na mbwa. Akacheka, akatoa ufunguo wake yeye mfukoni, kaufunguo kadogo kameandikwa CH751, akaingiza kwenye buti langu, likafunguka. Nilibaki mdomo wazi. Kumbe wadau watengenezaji wa haya magari miaka na miaka wanaweka kufuli la aina moja kwenye mabuti, ufunguo wa jirani yako ndo ufunguo wako, na hakuna aliyeniambia siku nalipa 11,500.

Buti lile liko chini ya kitanda cha nyuma. Ukiingia kwa nje, juu yako ni ubao wa kitanda, haujapigiliwa, unausukuma unatokea chumbani. Rahisi. Kitu kimoja tu nilisahau, juu ya kitanda nilikuwa nimepanga maboksi, na juu ya maboksi kinu cha mama, kile alichotuletea kwenye harusi.

Nikaingia. Kichwa kikapita. Mabega yakapita moja moja. Tumbo likafika mlangoni likakataa. Mi nasukuma kwa vidole vya miguu, ndala moja ikatoka, nusu yangu iko gizani na ndoo na bomba la maji machafu, nusu iko juani Kansas. Nikainua ubao kwa kichwa, ukapanda kidogo, ukarudi, kinu hicho. Nikatulia nivute pumzi. Nikaona macho mawili ya njano, mbele yangu kabisa, hayapepesi. Mama Mkwe. Sijui aliingiaje mle, nadhani alikimbia radi usiku. Nikamwambia "shikamoo", naapa nilisema shikamoo, ulimi ulitoka wenyewe. Akanipiga kofi la pua, na kucha.

Na hapo ndo upepo ukaja.

Sikuuona, niliusikia. Kwanza baridi kwenye mashavu ya miguu, halafu kwenye mapaja, kikoi kinapanda taratibu mgongoni kwangu na mi mikono yote iko ndani siwezi kukishika. Kikafika kiunoni. Kikafunika buti. Nje kukawa kimya, kimya kile cha watu wenye adabu. Halafu nikasikia kicheko ninachokijua tangu chuo. Mtani katoka chooni. Wakuu, mtu mnayetoka naye Texas, mmekula naye chungu kimoja, anakuta miguu yako inaning'inia kwenye gari, anafanya nini? Alinyanyua simu akaanza kutangaza kwa sauti ya redioni, kwa lile jina letu sisi wa Yanga, "Wananchi! Wananchi wote popote mlipo, njooni mumwone Mwananchi mwenzenu na siri yake!"

Nikapiga kelele kutoka gizani, "HIYO BUKTA NI YAKO!" Kwenye video hiyo sehemu haisikiki. Ameikata, au sauti ilimezwa na lile bomba, mi nasema ameikata.

Babu hakujua Yanga wala Simba, Mungu ambariki, yeye aliona mtu amekwama. Akanishika nyayo, akahesabu mpaka tatu kwa Kiingereza, akasukuma. Tumbo likapita likiacha ngozi kidogo. Kinu kikabingirika, ubao ukafumuka, maboksi chali, nikatokea katikati ya kitanda na utando wa buibui kichwani na Chui ananiramba jicho kwa mapenzi, kana kwamba si yeye. Nikaenda mlangoni, nikatoa komeo, nikafungua.

Na hicho ndo kipande cha pili, kile cha ile picha mliyoifanya stika. Kikoi kimebaki mkononi mwa babu. Mi nimesimama mlangoni juu ya ngazi, jezi ya Yanga juu, bukta ya Simba chini, pua inatoka damu. Familia ya aiskrimu ikapiga makofi.

Mengine sina haja ya kuyarefusha. Chausiku akatoroka, akanaswa na kipande cha kuku, babu akakataa hela, fundi wa kufuli tukamghairi mapema, tukafika. Bili ya barabara imeshakuja, maana siku hizi pale Kansas hakuna kibanda, kamera inapiga namba ya gari na wewe unaletewa kwa posta. Mke wangu aliona video kabla hajaniona mimi. Grupu la Wananchi wa Minneapolis limenitaka nijieleze kwa maandishi, haya ndo maandishi, mwenye kuyapeleka ayapeleke. Motahomu nimeitangaza inauzwa, kitanda cha juu nimetandika mito ya maua (nimeziba kwanza paa, msinitazame hivyo).

Na Mchaga jana kanipigia, bila aibu, anaulizia bukta yake. Nimemwambia iko kwenye buti, aje aitoe mwenyewe, ufunguo anao kila mtu.