Besi si Kitufe

Juzi asubuhi mjusi alianguka kwenye uji wangu. Mjusi kafiri mzima, si mtoto. Na msimlaumu, hakuanguka kwa uzembe. Yule nimemkuta kwenye boriti siku nahamia nyumba hii, na mwaka 2019 tulipoambiwa Kimbunga Kenneth kinakuja, sisi tukakimbia na magodoro, yeye alibaki palepale anatutazama. Mjusi aliyemgomea Kenneth ameangushwa na sabufa.

Wenzangu mnaopanga Chikongola, hapa Mtwara mjini, mnazijua kuta zetu. Ukuta unaanzia chini kwa mbwembwe, ukivuka usawa wa kichwa unachoka, kule juu mnabaki na anga la pamoja. Jirani akikaanga dagaa unakula ugali kwa harufu. Akigombana na mkewe unajikuta umeshachagua upande. Sasa msimu wa korosho umefika, mnada wa kwanza umepita, na kijana wa chumba cha pili, ambaye baba yake ana mikorosho Tandahimba, amerudi na kitu chenye ukubwa wa kabati, kina tundu mbele na taa za bluu zinazocheza. Luku tunachanga sawa kwa sawa, vyumba sita. Mimi nina balbu moja na redio ambayo iko kwa fundi tangu Ramadhani.

Kelele nimezizoea. Kinachonichoma ni jina. Kile kitu anakiita "besi". "Mzee, umeisikia besi yangu?" Besi yako! Mimi nimewapenda wapiga besi tangu sijaota ndevu. Wenzangu kwenye dansi walikuwa wanamtazama mwimbaji na leso yake, au mpiga solo anavyofumba macho kama anayeng'olewa jino. Mimi macho yangu nyuma, karibu na ngoma, kwa yule mtu mwembamba mwenye gitaa la nyuzi nne na uso wa abiria anayesubiri basi. Mwimbaji akisahau shairi watu wanacheka. Yule wa nyuma akinyamaza, watu wanaacha kucheza na hawajui wamepatwa na nini.

Basi baada ya mjusi nikasema yatosha, leo jioni nakwenda. Nikavua msuli nikavaa suruali, maana lalamiko likivaa msuli halina uzito. Kofia kichwani. Mke wangu akauliza naenda kwenye msiba wa nani. Nikamwambia naenda kuzungumza na jirani, kiutu uzima. Akasema, "Mwambie apunguze tu, baba Somoe, usianze mambo yako."

Nikabisha hodi mara saba. Ya nane nikabisha katikati ya nyimbo mbili, ndipo nikasikika.

"Shikamoo babu!"

Babu. Nina miaka hamsini na sita. Nikaitikia marahaba ya kinyongo, nikakaribishwa kiti cha plastiki, na kiti chenyewe kimewekwa mkabala na lile tundu. Kijana ni mstaarabu, lazima niseme, akateremsha sauti, akanipa soda. Ndani walikuwemo rafiki zake wawili: mmoja anaendesha bajaji, mwingine fundi seremala wa mashua kule Mikindani.

Nikakohoa. Nikaanza na sayansi, ili waone sikuja kwa hasira. Nikawaambia uzi mnene wa gitaa la besi hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na wimbi la sauti hiyo lina urefu wa mita 8 na ushee. Chumba changu kina mita 3. Maana yake wimbi lenu likitoka humu haliwezi hata kunyoosha miguu kabla halijaingia kwangu. Ndiyo maana nyimbo zenu sizisikii maneno hata moja, nasikia vishindo tu, kama mtu anahamisha makabati ahera.

Kijana akafurahi mno. "Mita 8! Mnasikia? Mita 8, na bado sijaweka mwisho!"

Nikaona sayansi haifai, nikahamia kwa watu. Nikamuuliza, ukutani pale una picha ya Bob Marley, nani anapiga besi katika nyimbo zake? Akajibu bila aibu: "Bob mwenyewe." Nnungu wangu! Nikamwambia ni Aston Barrett, aliyeitwa Family Man, na ukimwondoa yeye nyimbo zile zinabaki nguo zisizo na kamba ya kuanikia. Yeye ndiye aliyemfundisha Robbie Shakespeare, na Robbie akaja kutetemesha Jamaika yote. Kijana akaitazama picha kama mtu aliyegundua mjomba wake ana mke mwingine.

"Na James Jamerson unamjua?"

"Anauza spea?"

Hapo ndipo soda ilinipalia. Jamerson! Mmarekani aliyepiga besi kwenye nyimbo za Motown, kampuni ya sahani kule kwao, ambazo hata mama zenu walizicheza, na jina lake halikuandikwa kwenye majalada ya sahani mpaka mwaka 1971. Alipiga kwa kidole kimoja cha shahada tu, watu wakakipa jina kidole chenyewe, wakakiita Ndoano. Nyuzi alikuwa habadilishi, akiamini uchafu wake ndio utamu wake. Na inasimuliwa kwamba siku ya kurekodi na mwimbaji Marvin Gaye alikuwa amelewa hawezi kukaa, akapiga amelala chali.

"Kidole kimoja?" akasema kijana. "Babu, hata mimi natumia kimoja." Akaninyooshea, akabonyeza kitufe cha kujumlisha. Vikombe vikacheza. Kwangu, upande wa pili, nikasikia kitu kimeanguka kwenye sufuria na mke wangu akitaja jina langu lote, hadi la babu.

Ningekuwa na akili ningeondoka. Lakini yule seremala alikuwa na uso wa mtu anayesikiliza, nami sijawahi kusikilizwa kwa dakika tano mfululizo tangu niachishwe kazi ghalani. Nikasogeza kiti, nikamwambia habari za Jaco Pastorius, mpiga besi mwingine wa Marekani. Jaco alichukua gitaa lake la besi, akang'oa vyuma vyote vya kwenye shingo, yale mataruma yanayokuonyesha pa kuweka kidole. Akabaki na ubao mtupu. Mashimo akayaziba, kisha akaupaka ubao ule epoksi ya mashua.

"Ya mashua?" Seremala akasimama.

"Ya mashua."

"Akapaka mikono mingapi?"

Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nikasema mikono ya kutosha. Akatikisa kichwa, akasema kama hakusugua msasa kila baada ya mkono, ile ingebabuka. Nikamwambia haikubabuka, na gitaa lile likaimba kama mtu, hata Richard Bona, kijana wa Kamerun aliyekuwa na gitaa lake la kawaida, alipoisikia sahani ya Jaco akahamia besi moja kwa moja. Jamaa wa bajaji akauliza gitaa lenyewe sasa liko wapi. Nikasema liliibwa New York mwaka 1986, kwenye benchi. Wote watatu wakaguna. Wizi ndiyo habari pekee ya jioni ile iliyohitaji maelezo machache.

Nikaona nimewapata, nikapanda jukwaani. Nikawaambia habari za John Entwistle, mpiga besi wa The Who, bendi ya Uingereza: mwenzake anavunja gitaa, mpiga ngoma anapiga teke ngoma, yeye kasimama pembeni kama nguzo ya umeme, tofauti ni kwamba kwake umeme ulikuwepo. Ron Carter, aliyempigia besi mpiga tarumbeta Miles Davis, ana rekodi zaidi ya 2,200, na bado ukilitaja jina lake Mtwara hii wanadhani ni mzungu wa gesi, ilhali ni mtu mweusi wa Marekani. Larry Graham alikuwa anapiga na mama yake, mpiga ngoma akaondoka, kijana akaanza kugonga nyuzi kwa dole gumba ili ngoma isikosekane. Leo dunia nzima inagonga. Lakini Charles Mingus, mpiga besi wa jazz, ndiye ningemwomba aje mara moja tu, kwenye harusi za hapa. Ana rekodi ya mwaka 1960 inayoanza na yeye akiwaambia wasikilizaji wasigonge barafu kwenye glasi. Barafu! Angekutana na MC wetu, na jenereta, na shangazi wa bwana harusi.

Kijana akauliza, kwa adabu, kama kwetu hakuna.

Hilo swali, jamani. Nilitaka kumkumbatia. Nikamwambia wako tele. Kuna Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, jina la kwetu huku Lindi lakini maskani Dar es Salaam, kama korosho tu. Kule Kongo kuna Mpudi Decca wa TPOK Jazz, ambaye Franco akishika solo dakika kumi, yeye anamshikia kiuno asianguke. Na Msondo walikuwa na Suleiman Mwanyiro, alivyokuwa hakosei wakambatiza Kompyuta.

Kijana akapiga makofi. "Si umeona, babu! Kumbe na wao walikuwa wanatumia kompyuta!"

Sikujibu. Kuna mambo ukijibu unapungua. Nikatoa flashi mfukoni, maana mimi popote nina flashi, nikasema chomeka hiyo. Namba tatu. Chini ya ile soda nilikuwa natetemeka mwenyewe. Sabufa lenye ukubwa wa kabati, na Jamerson ndani yake! Redio yangu haijawahi kuwa na uwezo huo hata ilipokuwa nzima. Kijana akachomeka, taa za bluu zikaanza kucheza, kidole kile kimoja kikaingia, mara mbili, mara tatu, nikausikia moyo wangu umehama upande.

Umeme ukakatika.

Hatukusema kitu. Mtaa mzima uliguna mara moja, kama kawaida, kisha watoto wakapiga kelele zao. Na kilichoniudhi, nitasema ukweli, si giza. Ni kwamba siku zote tisa ambazo lile kabati linapiga vishindo umeme haukuchezacheza hata dakika moja! Siku ya Jamerson! Nyuzi hazijabadilishwa, mtu amelala chali, amevuka bahari kuja Chikongola, mnamkatia! Nilisema maneno ambayo mtu mwenye kofia hasemi. Seremala akawasha tochi ya simu, akanitazama kwa huruma, akauliza tena kama nina uhakika ilikuwa epoksi na siyo vanishi.

Nikarudi kwangu kwa kupapasa. Mke wangu alikuwa amekaa gizani na sufuria.

"Ulimwambia apunguze?"

Nikakaa. Nikavua kofia. Wallahi nilikuwa nimesahau. Nikamweleza badala yake habari za Carol Kaye, mwanamke wa Kimarekani aliyekwenda studio mwaka 1963 kupiga gitaa, mpiga besi hakutokea, akalishika besi yeye na hakurudi nyuma. Nilidhani atafurahi, mwanamke mwenzake. Akasema, "Kila mahali ni hivyohivyo, mwanamume haji, mwanamke anashika," akaenda kulala.

Umeme ulirudi saa nane usiku. Najua ni saa nane kwa sababu kijana hakuwa amezima kitufe, na flashi ilikuwa bado imechomekwa. Namba tatu, nne, tano, mpaka kumi na sita, mita 8 kila wimbi. Jirani wa chumba cha tano akatoka nje akitukana mwenye nyimbo hizi za wazee. Nikajifunika shuka.

Flashi yangu hajarudisha. Nikimuuliza anasema seremala kaenda nayo Mikindani. Redio nayo, fundi wa sokoni ananiambia tatizo ni transfoma, wiki iliyopita tatizo lilikuwa spika, kabla ya hapo tatizo lilikuwa mimi. Yule Mmarekani aitwaye Leo Fender naye alikuwa fundi redio, kupiga gitaa alikuwa hajui, lakini mwaka 1951 akatoa gitaa la besi. Wetu anatoa visingizio, tena kwa awamu, kama malipo ya korosho.

Na wakati naihangaikia flashi nimegundua ndoo haipo. Niliiacha bombani zamu ya maji Jumatano. Sijakata tamaa sana. Paul McCartney wa Beatles, ambaye besi aliishika kwa sababu mwenzao Stuart Sutcliffe aliondoka na wengine hawakuitaka, aliibiwa gitaa lake la umbo la fidla mwaka 1972, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba amerudishiwa. Lilikuwa darini kwa watu. Sisi hatuna hata madari, kwa hiyo kutafuta ni rahisi zaidi. Ni ya bluu, ya lita ishirini, mshikio wake nimeufunga kwa waya. Ndani kuna kata.