Uchoraji wa katuni unafundishika
Makala moja niliyoisoma inadai kwamba mchoraji wa katuni hana la kujifunza chuo kikuu kwa kuwa kipaji mtu huzaliwa nacho, na inamtoa Gado, mchoraji katuni Mtanzania aliyeacha masomo ya usanifu majengo mwaka 1992 akaenda kuchorea gazeti la Nation jijini Nairobi, kuwa ushahidi. Nionavyo mimi, mfano huo unaipinga hoja yenyewe, maana hata muda mfupi wa kuchora majengo humfunza mtu vipimo na umbali katika picha. Mimi huchora picha za vitabu vya watoto hapa Arusha, na vijana wanaoniletea kazi zao kutoka Ngarenaro na Sakina wengi huchora uso vizuri kuniliko. Tatizo huanza kwenye ukurasa. Kiputo cha maneno chenye jibu kimewekwa juu kushoto na chenye swali chini yake, hivyo msomaji hupata jibu kabla ya kusikia swali, na mhusika mwenye kovu shavu la kulia katika kisanduku cha kwanza analo shavu la kushoto katika cha nne. Haya hurekebishwa kwa kusahihishwa mara kwa mara, wala si kwa kipaji. Chuo Kikuu cha Dundee, katika mji wa Uskoti wenye kampuni kongwe ya majarida ya katuni, kilianzisha shahada ya uzamili ya masomo ya katuni mwaka 2011, ingawa ada za huko si za mkulima wa Meru. Je, yupo msomaji aliyesomea sanaa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, atueleze kama hadithi za katuni zilifundishwa darasani, au mliishia kwenye uchoraji wa turubai?